Shira Ndiyo Kashata: Kuoka Kashata za Oti Zisizomeguka wala Kuumiza Meno

Kashata ya oti ni kitafunwa kinachopatikana kwa kuchanganya oti, mafuta, sukari na asali au kiowevu kingine kizito kitamu, kisha mchanganyiko huo ukashindiliwa kwenye trei, ukaokwa kwa moto wa wastani na kukatwa vipande vya mraba. Waingereza hukiita flapjack, na kwao ni chakula cha kawaida kabisa ambacho watoto hufungiwa kwenda nacho shuleni. Hakina unga, hakina yai wala hamira, na kwa hiyo hamna ndani yake kitu cha kuumuka wala cha kushika umbo chenyewe. Kinachoshikamanisha punje zake ni shira, yaani sukari iliyoyeyuka na kukolea motoni, ileile ambayo wapishi wa pwani huipakia kaimati na visheti. Mpishi ambaye kashata zake zimemeguka na kubaki chenga, au zimekauka kiasi cha kuumiza meno, kwa kawaida huilaumu oti, ilhali oti haina hatia. Kosa limo kwenye shira, na shira ina kanuni zake ambazo zinaeleweka na kupimika.

Kanuni hizo zina uzito wa pekee huko Sigino, mojawapo ya kata za Mji wa Babati mkoani Manyara. Mji huo uko kati ya mita 1,300 na 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mwinuko huo, kama itakavyoelezwa, hubadilisha namba zote za joto la shira zilizoandikwa katika vitabu vya mapishi vya kigeni. Mpishi wa Sigino anayefuata kitabu neno kwa neno, akiwa na kipimo cha joto kilicho sahihi na bidhaa nzuri, ataishia kupata kashata ngumu kuliko aliyoahidiwa, na hatajua sababu.

Oti zenyewe hazitoki katika mashamba ya jirani. Wakulima wa Babati hulima mahindi, mbaazi, maharage na alizeti, na wenzao wa nyanda za Basotu wilayani Hanang' wanajulikana kwa ngano, lakini oti hununuliwa dukani zikiwa katika pakiti au kopo. Baadhi ya watu huziita shayiri, ingawa shayiri hasa ni nafaka nyingine, ile inayotumika viwandani kutengeneza bia. Kabla ya kufika dukani, punje za oti huondolewa makapi, hupitishwa kwenye mvuke, kisha husagwa bapa kati ya rola mbili. Mvuke huo si wa kulainisha tu. Oti zina mafuta mengi kuliko ngano, karibu asilimia 7 ya uzito wake, na ndani yake kuna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, ambacho huyavunja mafuta hayo na kuyapa uchungu na harufu ya mafuta yaliyokaa; mvuke hukidhoofisha kimeng'enya hicho. Pakiti iliyofunguliwa na kuachwa wazi kwa miezi huanza kunuka hivyo polepole, na hakuna asali itakayoficha harufu hiyo.

Kuna oti bapa nzima na kuna oti za kuiva upesi, ambazo hukatwa vipande kwanza na kupondwa nyembamba zaidi ili uji uive kwa dakika chache. Aina ya pili hufyonza shira haraka, hivyo hutoa kashata iliyoshikana vizuri lakini laini, yenye kuelekea keki. Aina ya kwanza hutoa kashata ya kutafunwa, yenye punje zinazoonekana, ila huacha mianya ambayo shira isipotosha hugeuka nyufa. Kuchanganya sehemu mbili za oti nzima na sehemu moja ya oti nyembamba ni suluhisho jema kuliko yote, kwa kuwa vipande vidogo huziba mianya ya vile vikubwa. Asiyepata aina zote mbili anaweza kutwanga theluthi moja ya oti nzima kwenye kinu, kwa mapigo machache tu, bila kuzifanya unga.

Sukari ya dukani, ambayo wanakemia huiita sakarosi, imeundwa kwa molekuli mbili ndogo zilizoungana, moja ya glukosi na nyingine ya fruktosi. Inapochemshwa na maji, maji huondoka kwa mvuke na sukari inayobaki huzidi kukolea, na kadiri inavyokolea ndivyo joto la kuchemka linavyopanda. Shira yenye sukari karibu asilimia 85 ikipoa huwa kidonge laini kinachobonyea. Ikifika asilimia 92 huwa kidonge kigumu. Ikifika asilimia 99 huwa kitu kinachovunjika kama kioo, na ndiyo iliyomo ndani ya kashata za karanga au za ufuta zinazolia zinapovunjwa. Kinachoamua ulaini, kwa maneno mengine, ni maji machache yaliyobaki ndani ya sukari, na kipimo cha joto ni njia tu ya kukisia ni kiasi gani cha maji hayo kimebaki.

Hapa ndipo mwinuko wa Babati unapoingia. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kushinda uzito wa hewa inayoyakandamiza. Jijini Dar es Salaam, ufukweni, hali hiyo hufikiwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi; Babati, ambako hewa ni nyepesi zaidi, hufikiwa kwenye nyuzi 95 au 96, kwa sababu kila mwinuko wa mita 300 hivi hupunguza takriban nyuzi moja. Shira nayo hufuata kanuni hiyohiyo. Vitabu husema kwamba kidonge laini hupatikana kati ya nyuzi 112 na 116, na namba hizo ni za kweli kwa jiko lililo usawa wa bahari. Katika jiko la Sigino, kiwango hichohicho cha maji na sukari hufikiwa kati ya nyuzi 108 na 112 hivi. Anayeingoja namba ya 116 akiwa Sigino ameipita hatua aliyoitaka kwa nyuzi nne au tano, maji mengine yameshatoka, na shira imeshaanza kuelekea kidonge kigumu. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini mdomoni ni tofauti kati ya kashata inayotafunika na ile ambayo mzee ataiweka pembeni ya sahani.

Wapishi wa kashata wa pwani, waliozipika kwa nazi na karanga kabla ya vipimo vya joto kuingia majikoni, wana njia isiyohitaji hesabu yoyote ya mwinuko. Bakuli la maji baridi huwekwa karibu na jiko, na shira ikishakuwa nzito, tone moja hudondoshwa ndani yake kutoka ncha ya kijiko. Tone linalotawanyika na kuyeyuka linaonyesha kwamba maji bado ni mengi. Tone linaloshuka chini zima, likakusanywa kwa vidole na kuwa kidonge kinacholegea pole pole kikiwekwa kiganjani, limefika hatua ya kidonge laini. Likishika umbo bila kulegea, na likabonyea tu kwa kukandamizwa kwa nguvu, hatua imesogea mbele, na sufuria inapaswa kuwa imeshaondolewa motoni. Jaribio hili huipima shira yenyewe badala ya joto lake, kwa hiyo jibu lake ni lilelile Tanga, Babati au Mbulu iliyoko juu zaidi. Kwa mpishi wa nyanda za juu, njia hii ya wazee ni kipimo cha kuaminika kuliko namba za kitabu, na inastahili kufundishwa kwa jina hilo la kipimo, si kama mbinu ya kufidia ukosefu wa vifaa.

Jambo la pili linaloharibu shira ni fuwele, yaani punje za sukari zinazojipanga upya na kuwa ngumu baada ya kuwa zimeyeyuka. Kashata ya nazi hutaka fuwele hizo. Weupe wake na ile chengachenga inayoyeyuka ulimini hutokana nazo. Kashata ya oti haizitaki, kwa sababu shira iliyogeuka fuwele hupoteza mnato wake na punje za oti huachana mara kisu kinapopita. Fuwele huanza na kitu kidogo sana: chembe ya sukari isiyoyeyuka iliyokwama ukingoni mwa sufuria inatosha kuwa mbegu ya nyingine zote. Kwa hiyo sukari huyeyushwa kwa moto mdogo hadi shira isisikike mchanga mwiko ukipita chini ya sufuria, kingo hufutwa kwa kitambaa kilicholowa, na baada ya hapo mwiko hauzungushwi ovyo.

Kinga kubwa zaidi ya fuwele ni kuchanganya sukari za aina tofauti, kwani molekuli zisizolingana huzuiana kujipanga. Uingereza hutumia shira ya rangi ya dhahabu iliyotengenezwa kwa kuvunja sehemu ya sakarosi kuwa glukosi na fruktosi, bidhaa iliyozaliwa mwaka 1883 katika kiwanda cha kusafishia sukari cha Abram Lyle, huko Plaistow mashariki mwa London, kutokana na masalia ya usafishaji. Sigino haina haja ya kuiagiza. Asali ni mchanganyiko wa namna hiyohiyo uliotengenezwa na nyuki: fruktosi ni karibu asilimia 38, glukosi karibu 31, na maji karibu 17. Misitu ya miombo ya Babati ina nyuki wengi, na mmoja wa misitu hiyo, Duru-Haitemba, una sifa ya pekee nchini, kwa kuwa vijiji vinavyouzunguka vilianza kuusimamia vyenyewe katikati ya miaka ya 1990, kabla Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haijaufanya usimamizi wa namna hiyo kuwa utaratibu wa nchi nzima. Chupa ya asali ya miombo, nyeusi na yenye harufu ya moshi wa mzinga, huipa kashata ladha ambayo kopo la London haliwezi kuitoa.

Asali ina masharti yake, hata hivyo. Fruktosi huungua kwenye joto dogo kuliko sakarosi, hivyo kashata ya asali hupata rangi ya kahawia mapema na huhitaji moto wa chini. Tena fruktosi huvuta unyevu wa hewani, na kashata iliyotiwa asali pekee, bila sukari, hubaki ikinata vidoleni hasa wakati wa masika. Uwiano unaofaa ni sukari kidogo zaidi ya asali kwa uzito. Kwa trei ya sentimita 20 kwa 20, gramu 250 za oti, gramu 125 za mafuta, gramu 100 za sukari, vijiko vikubwa vinne vya asali na chumvi kidogo hutosha. Asiye na asali anaweza kukamulia shira nusu kijiko kidogo cha ndimu, kwa kuwa uchachu huivunja sehemu ya sakarosi na kufanya kazi ileile. Wapishi wa pwani hukamua ndimu katika shira kwa manufaa hayohayo. Sukari guru, inayotokana na maji ya miwa yaliyochemshwa bila kusafishwa, nayo hufaa badala ya sukari nyeupe, na hutoa kashata nyeusi kidogo, yenye unyevu na mnato wa kupendeza.

Mafuta huchangia umbo kwa namna tofauti. Siagi ikipoa huganda, na kuganda huko huisaidia shira kushikilia kipande. Ina takriban asilimia 80 ya mafuta, na sehemu kubwa ya inayobaki ni maji. Siagi za mboga zinazouzwa kwa kupaka mkate mara nyingi zina maji mengi zaidi, na maji hayo yasipopata muda wa kutoka motoni huacha kashata laini iliyolowa chini. Samli, ambayo Wagorowa, Wairaqw na Wabarbaig wamekuwa wakiitengeneza kutokana na maziwa ya mifugo yao, ni mafuta yasiyo na maji, hivyo gramu 100 zake zinatosha mahali pa gramu 125 za siagi, pamoja na vijiko viwili vya maji vya kuyeyushia sukari. Mafuta ya alizeti ni mazuri kwa afya na yanapatikana kila duka la Babati, ila hubaki kimiminika hata yakipoa. Kashata zake humeguka upesi na huacha mafuta kwenye karatasi. Anayeyatumia ayapunguze kwa robo na aongeze kijiko kimoja cha asali.

Baada ya mafuta, sukari na asali kuyeyuka pamoja, oti humiminwa na kugeuzwa hadi kila punje ing'ae. Trei hutandikwa karatasi iliyopakwa mafuta, mchanganyiko hutandazwa, kisha hushindiliwa kwa mgongo wa kijiko au kwa kitako cha bilauri kilichopakwa mafuta. Kushindilia kwa wastani ndiko kunakotakiwa: uso uwe sawa, pembe zijae, lakini punje zisisagike. Unene wa sentimita mbili unafaa. Ukizidi hapo, kingo huungua katikati ikiwa bado uji.

Kaya nyingi za Sigino hupikia mkaa, na kutokuwa na oveni si kizuizi, kwani mpishi anayejua kupalia wali anajua tayari sehemu kubwa ya kazi hii. Sufuria kubwa nzito huwekwa mchanga mkavu kimo cha vidole viwili, hufunikwa kwa bati na kupashwa moto kwa robo saa, kisha trei huteremshwa juu ya mchanga na makaa hupaliwa juu ya bati. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, kwa sababu sukari hutulia chini ya trei na ndiyo ya kwanza kuungua. Joto linalotakiwa ni karibu nyuzi 150 hadi 160. Asiye na kipimo anyunyize unga kidogo wa ngano kwenye kisahani cha bati na kukiweka ndani ya sufuria iliyofunikwa: unga ukipata wekundu hafifu kwa dakika tano, moto unafaa, ukiwa kahawia iliyokolea, makaa yapunguzwe.

Kosa linalotokea mara nyingi kuliko mengine yote hufanyika mwishoni. Baada ya dakika 20 hadi 25, kingo za kashata huwa na rangi ya kahawia, lakini katikati bado hutoa mapovu madogo na hubonyea kidole kikigusa, na mpishi huona kwamba haijaiva. Imeiva. Shira ya moto ni laini daima, hata ile itakayokuwa kioo ikipoa, na ugumu wa kashata hauwezi kuhukumiwa ikiwa motoni. Kila dakika ya ziada huondoa maji ambayo yangeifanya itafunike kesho yake, kwa hiyo trei hutolewa wakati kingo zimebadilika rangi na katikati ingali na rangi ya asali. Baada ya dakika kumi, uso ukiwa vuguvugu, mistari ya kukatia hupitishwa kwa kisu hadi chini, kisha trei huachwa ipoe kabisa, kwa saa mbili au zaidi, kabla ya vipande kutolewa. Kukata kashata iliyokwisha kupoa huipasua mahali ambapo kisu hakikukusudia. Kutoa vipande vikiwa na moto huvipinda na kuvivunja.

Mwenye haraka, au asiyetaka kupalia, anaweza kufuata njia kamili ya kashata. Oti hukaangwa katika kikaango kikavu hadi zinukie, shira huchemshwa na mafuta hadi tone lake litoe kidonge laini ndani ya maji baridi, vyote viwili huchanganywa upesi na kushindiliwa katika trei. Kashata hiyo hukosa ukavu wa kingo unaoletwa na kuokwa, ila huwa na mnato mzuri, na kosa lake pekee, yaani kupitiliza moto, huonekana mapema bakulini. Karanga zilizokaangwa na kuparazwa, ufuta au mbegu za maboga huongezwa hadi gramu 60, na kila zinapoongezwa oti hupunguzwa kwa kiasi hichohicho ili shira itoshe.

Kashata zilizopoa hufungiwa katika kopo lenye mfuniko unaobana, na hapo hukaa wiki nzima bila kuharibika, kwa kuwa maji yaliyomo ni machache mno kwa ukungu kuota. Zikiachwa wazi wakati wa mvua huvuta unyevu na kulegea, na zikiachwa wazi katika kiangazi hukauka kingo.

Wanaoandika vitabu vya mapishi kwa Kiswahili, pamoja na walimu wa mapishi katika mikoa ya nyanda za juu, wanaombwa waache kunakili namba za joto za ufukweni bila maelezo, na badala yake wataje mwinuko ambao namba hizo zinauhusu na waeleze jaribio la tone katika maji baridi. Mpishi wa Sigino, Mbulu au Karatu mwenye kipimo cha joto aanze kwa kuchemsha maji matupu, aandike namba atakayoiona yanapochemka, aitoe kwenye 100, na tofauti atakayoipata aipunguze katika kila namba ya shira iliyo kitabuni.